Vibali vya shughuli za mtaani Arusha: bonanza la watu mia linapitishwa milango ileile ya tamasha la watu elfu kumi

FundiSpika (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa vyombo hapa Chuga, yaani Arusha. Nakodisha spika, jenereta na jukwaa, kwa hiyo wikiendi nyingi zinanikuta kwenye shughuli za watu: bonanza la mtaa, mkutano wa injili, maulidi, mahafali, uzinduzi wa duka, tamasha la msanii aliyetoka Dar. Mwandaaji akikwama kwenye kibali, mimi ndiye nimekaa na gari limeshapakiwa, advansi imeshaingia kwenye dizeli.

Hoja yangu ni moja. Utaratibu wetu wa vibali hautofautishi mkusanyiko na mkusanyiko. Vijana wanaotaka kuziba kipande cha njia ya vumbi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili wacheze mpira, zawadi mbuzi na kreti mbili za soda, wanazungushwa kama anavyozungushwa promota anayejaza watu elfu kumi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa, muhuri wa mtendaji wa kata, polisi, afisa utamaduni, afisa afya, halafu rudi mwanzo maana barua ya kwanza haikutaja jenereta. Sitaji ofisi yoyote, wenye shughuli zenu mnajua. Promota ana kijana anayemlipa kufuatilia makaratasi. Vijana wa mtaa hawana. Wanachofanya ni kuachana na kibali na kupiga shughuli kimya kimya, wakiomba gari la doria lisipite. Matokeo yake kadogo kanakuwa haramu kwa sababu ya uchovu tu, na kakubwa kanakuwa halali hata kama uzio wake una mlango mmoja.

Kwa nini naleta sasa? AFCON 2027, Kombe la Mataifa ya Afrika, inakuja, sisi na Kenya na Uganda ndio wenyeji, na uwanja unajengwa pale Olmoti. Uwanja una viti kama elfu thelathini. Mji mzima hautaingia mle. Waliobaki watakuwa nje kwenye skrini kubwa, Kaloleni, Sakina, Kijenge, Muriet, kila baa yenye ukuta mweupe itatafuta projekta. Tukifika 2027 na utaratibu huu huu wa mihuri, ama watu watazuiwa kufurahi ama watafurahi bila mtu yeyote kujua wako wangapi na watatokea wapi.

Ninachotaka tupeleke kwa madiwani: shughuli zigawanywe kwa ukubwa na hatari. Ndogo kabisa iishie kwa mwenyekiti wa mtaa, fomu ya ukurasa mmoja, bila malipo. Ya kati iende kata. Kubwa, yenye jukwaa, tiketi, pombe au barabara ya lami kufungwa, iende jijini, lakini kwenye dirisha moja, na wataalamu wafuatane humo ndani wenyewe badala ya mwandaaji kuwafuata mmoja mmoja. Na ofisi ipewe muda wa kujibu. Mwandaaji ana tarehe yake ya mwisho, na ofisi nayo iwe nayo.

Karibuni mnichambue.

Chalii wa Ngarenaro

FundiSpika, arif wangu, umeongea kinoma. Bonanza letu la Pasaka tulihamishia kwenye uwanja wa shule maana barabarani tuliambiwa "subirini majibu". Majibu hadi leo yako njiani, labda yamepanda kifodi, daladala ya Kwa Mrombo.

Mama Njiro

Kijana wangu FundiSpika, nimekusoma mpaka mwisho na nakupinga kwa heshima.

Wewe unaongelea mateso ya mwandaaji. Mimi ni jirani. Jirani hana muhuri wowote kwenye hiyo safari yako yote. Nimehesabu ofisi ulizotaja, hakuna hata moja inayoniuliza mimi ambaye ukuta wangu wa chumba cha kulala umepakana na spika zako. Karatasi inasema muziki mwisho saa sita usiku, unazima saa tisa. Nina mzee nyumbani anayelala kwa dawa. Usiku ule nimpigie nani? Mwenyekiti wa mtaa simu imezimwa, na mwenye ukumbi ndiye anayecheza mbele.

Kabla hamjarahisisha, wekeni kwanza hili: siku chache kabla ya shughuli, kila nyumba ya jirani ipate kikaratasi chenye saa ya kuanza, saa ya kuzima, na namba ya mtu mmoja aliye hai na aliye macho mwenye mamlaka ya kuzima mziki. Nikipiga, apokee. Sina ugomvi na furaha ya mtu yeyote, na bonanza la mchana watoto wangu wenyewe wanalicheza.

Nchi hii ina sheria ya mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015. Hazijaniletea usingizi.

FundiSpika

Mama shikamoo. Hapo umenigusa penyewe, na ni kweli rasimu yangu haina jirani. Naongeza namba ya simu. Ila ujue mtu wa vyombo hawezi kuzima mwenyewe. Mwenye shughuli amelipa, wageni wamelewa, nikizima saa sita kamili naondoka na spika zilizotobolewa. Ikiandikwa kwenye kibali kwamba baada ya saa fulani mwenye vyombo naye atawajibika, hapo nitakuwa na karatasi ya kumwonyesha mteja. Watu wa vyombo wenzangu watanichukia kwa kusema hivi.

Karani Mstaafu

Nimefanya kazi halmashauri miaka mingi, sasa nafuga ng'ombe Ngaramtoni. Niwasaidie mahali ambapo watu hugonga ukuta.

Mnachoita "sera ya jiji" ni tabaka tatu zilizolala moja juu ya nyingine, na jiji halina nguvu juu ya zote. Ya juu ni sheria za nchi. Sheria ya Jeshi la Polisi na Huduma Saidizi, Sura ya 322, kifungu cha 43, inamtaka anayeitisha mkusanyiko au maandamano mahali pa wazi apeleke taarifa ya maandishi kwa polisi wa eneo si chini ya saa 48 kabla. Madiwani hawawezi kuifuta hiyo. Mambo ya sanaa yana BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), usalama wa moto una Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, vileo vina leseni yake. Barabara nazo zina wenyewe: nyingi za mitaa ziko TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini), ila barabara kuu ya kwenda Moshi ni ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa), kwa hiyo mwenyekiti wa mtaa akikuandikia barua ya kuifunga, karatasi hiyo haina kazi.

Tabaka la pili ni sheria ndogo. Hizi zinatungwa na Baraza la Madiwani chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji), Sura ya 288. Wananchi wanapewa nafasi ya kutoa maoni, Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa anaridhia, ndipo zinatangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Ada na tozo lazima zikae humu. Ukitaka bonanza lisilipe, unagusa tabaka hili, na hapo ujiandae kusubiri.

La tatu ndilo mnalolisahau kila siku: utaratibu wa ofisi. Fomu ikoje, nani anaipokea, ofisi ngapi zinapitiwa na nani anazunguka kati yake, majibu baada ya siku ngapi. Mengi ya haya hayahitaji Waziri. Mkurugenzi na wakuu wa idara wanaweza kuyapanga, na muda wa kujibu una makazi yake tayari, unaitwa Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Taasisi nyingi za umma zinao, umebandikwa ukutani karibu na picha ya Rais, na wanaousoma ni wachache. Ningekuwa FundiSpika ningeanzia hapo. Ombeni dirisha moja na siku za kujibu kwanza. La ada lifuate nyuma taratibu.

Jingine: msisahau mipaka. Msafara ukitokea Tengeru kuja mjini umeanzia Halmashauri ya Meru. Ukitokea huku kwangu Ngaramtoni umeanzia Halmashauri ya Arusha, ambayo siyo Jiji. Tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 liliwafundisha watu wengi kwamba msafara haujui mpaka wa kata. Dirisha la Jiji peke yake halitatosha kwa shughuli inayotembea.

Kibo na Mawenzi

Naandika kutoka Moshi, poleni kwa kuingilia mambo ya Arusha.

Sisi tuna mfano mzuri na mfano mbaya. Mzuri ni Kilimanjaro Marathon, inakimbiwa tangu 2003, kuanza na kumaliza Chuo Kikuu cha Ushirika. Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, mji unajaa mpaka vitanda vinaisha. Lakini mwenye duka anajua mapema njia ipi inafungwa, mwenye bodaboda anajua apite wapi, vituo vya maji vinajulikana. Watu wanalalamika kidogo, wanauza ndizi nyingi.

Mbaya mnaukumbuka. Tarehe 1 Februari 2020, uwanja wa Majengo, mkutano wa maombi, watu waligombania kupita juu ya mafuta ya upako na watu 20 wakafa kwa kukanyagana. Haikuwa vurugu wala siasa. Walikuwa waumini wanatoka kwenye maombi.

Ndiyo maana kugawanya kwa idadi peke yake kunanitia wasiwasi. FundiSpika, ukisema watu mia tano ni "kati", mia tano kwenye uwanja wazi usio na ukuta ni salama kuliko mia mbili ndani ya ukumbi wa mlango mmoja. Swali la kwanza kwenye fomu liwe: watu watatoka wapi, na wote kwa wakati mmoja wakiamua?

Hili linahesabika, na wala halitaki injinia. Mwongozo wa viwanja vya michezo wa Uingereza unakadiria kwamba mlango wenye upana wa mita moja, sakafu tambarare, unapitisha watu 82 kwa dakika, na kiwanja kitakiwe kuwa na uwezo wa kuwatoa watu kwa dakika 8. Chukua watu 3,000 na geti moja la mita mbili. Geti linatoa watu 164 kwa dakika, kwa hiyo mnahitaji dakika 18 na zaidi, na hiyo ni kama hakuna aliyeanguka wala meza ya tiketi iliyobaki katikati ya njia. Weka mageti matatu ya upana huo, mnamaliza kwa dakika kama sita. Afisa yeyote mwenye futi kamba anaweza kufika asubuhi, akapima geti, akazidisha, akasema "ninyi mwisho watu elfu moja na mia tatu". Ingekuwa mimi, namba hiyo ingeandikwa kwa rangi kubwa getini, kama ile ya idadi ya abiria kwenye daladala.

Na akitokea anayesema mambo haya hayatuhusu kwa sababu shughuli yetu haina mwandaaji: Seoul, Korea Kusini, usiku wa 29 Oktoba 2022, watu walikandamizana kwenye kichochoro cha Itaewon, waliopoteza maisha wakahesabiwa 159. Walikuwa wamekwenda kusherehekea tu, hakuna aliyeomba kibali, kwa hiyo hakukuwa na wa kupanga usalama wao. Baadaye wenzetu walibadili sheria ili mamlaka ya eneo ndiyo iwajibike pale ambapo mkusanyiko hauna mwenyewe. Mkesha wa mwaka mpya pale kwenu Mnara wa Saa nani mwandaaji wake?

Chalii wa Ngarenaro

Hapo kwa mkesha umenimaliza. Mwandaaji ni kalenda.

Mmeru wa Leicester

Salamu kutoka baridini. Kwa kuwa Uingereza imetajwa, niwape jinsi shughuli ndogo zinavyokwenda huku. Sisemi tuige, linganisheni tu.

Ukiwa na shughuli ya muda, labda sherehe ya jumuiya yetu yenye muziki na kuuza pombe, na watu hawafiki 500 kwa pamoja, hata wahudumu wakiwemo, unapeleka notisi kwa halmashauri siku 10 za kazi kabla. Unalipa pauni 21. Polisi na watu wa afya ya mazingira wanapata nakala, na wana siku 3 za kazi kupinga. Wakinyamaza, unaendelea. Wakipinga, mnasikilizwa. Ukivuka idadi hiyo, unaingia kwenye mlango mwingine kabisa wenye masharti mazito. Huo ni utaratibu wa sheria ya 2003, na jumuiya za Waafrika huku tunauishi kila Desemba. Barabara kufungwa ni ombi jingine la peke yake.

Ninachokipenda ni pale kimya cha ofisi kinapohesabiwa kuwa ruhusa.

Karani Mstaafu

Mmeru, hapo ndipo tutagombana. Kimya kuwa ruhusa kinafanya kazi pale ambapo barua ikipokelewa imepokelewa. Kwetu, kijana atasema alipeleka, ofisi itasema haikuona, na shughuli itapigwa huku kila mmoja akiwa na ukweli wake. Kisha itokee ajali uulizwe nani aliruhusu. Kimya! Hakimu atamwandikia kimya samansi?

Kwa shughuli ya ngazi ya mtaa nakubali. Mwenyekiti na mwombaji wanafahamiana, daftari liko mezani, asipokataa ndani ya siku tatu iende. Kwa ngazi ya kati na kubwa, hapana. Huko kimya kiwe kosa la ofisi, ombi lipande juu kwa Mkurugenzi moja kwa moja, lakini kimya kisigeuke kuwa kibali.

Mmeru wa Leicester

Mzee wangu nakusikia, ila kumbuka malipo sasa ni kwa control number, namba ya malipo inayotolewa na mfumo wa serikali. Ombi likiingia kwenye mfumo linaacha alama ya tarehe na saa. Daftari la "sikuiona" linakufa lenyewe.

Karani Mstaafu

Mfumo ukiwa hewani. Nakubaliana na wewe nusu.

Mama Lishe wa Relini

Mimi sina maneno mengi. Kila mnapopanga matamasha mnasahau wanaolisha watu. Tamasha likija eneo letu, tunaondolewa siku mbili kabla "kupisha maandalizi", halafu ndani wanaingia watu na mabanda ya kukodi, bei ya banda siwezi hata nikiuza sufuria zangu. Siku tatu sijapika, nani ananifidia? Kwenye hiyo fomu yenu kuwe na kipengele: wafanyabiashara wa eneo hilo mmewapangia wapi. Na asiandike "watashirikishwa". Aandike wapi, wangapi, kwa shilingi ngapi.

Na maji ya kunawa na vyoo. Watu elfu mbili mnawawekea vyoo vinne, wanaume wanamalizia kwenye ukuta wa genge langu. Jumatatu nafua ukuta.

FundiSpika

Dada umesema kwa machache na umesema yote. "Aandike wapi, wangapi, kwa shilingi ngapi" naichukua ilivyo, siigusi.

La uchafu naongeza dhamana ya usafi. Mwandaaji wa shughuli kubwa aweke fedha kabla, uwanja ukikaguliwa asubuhi yake ukiwa safi arudishiwe yote, ukiwa mchafu fedha hiyo iwalipe wanaofagia. Najua mtasema fedha ikishaingia serikalini haitoki. Ndiyo maana nataka siku ya kurudishwa iandikwe kwenye fomu hiyohiyo.

Mpita Njia wa Sakina

Wakuu, kuna shughuli moja mmeiruka yote na ndiyo inayofunga barabara kuliko bonanza na tamasha. Msiba. Turubai linakaa katikati ya mtaa siku tatu, nne, gari haipiti. Juzi bajaji iliyombeba mjamzito ilizunguka mitaa mitatu. Nani atamwambia mfiwa aombe kibali siku kumi kabla?

Mama Njiro

Hapo tuende polepole. Mfiwa haombi kibali, na diwani atakayepitisha hilo asirudi kuomba kura. Ila mwenyekiti wa mtaa anafika msibani siku ya kwanza, hilo ni desturi yetu. Akifika aelekeze turubai lifungwe upande mmoja, ibaki njia ya gari moja. Moto ukishika nyumba ya tatu, ukapiga 114, gari la zimamoto lipite wapi? Kwa wafiwa wenyewe pia ni usalama wao. Haya yaandikwe kama wajibu wa mwenyekiti, yasiwe masharti kwa mfiwa.

Kibo na Mawenzi

Naunga mkono. Na upana uandikwe kwa mita, siyo "njia ya kutosha". Gari la zimamoto halipungui upana kwa ajili ya busara ya mtu.

FundiSpika

Sasa nimeandika upya. Sitabandika yote, ni ndefu, atakayetaka anitumie ujumbe. Nimefuata ushauri wa Karani: barua ya kwanza inakwenda kwa Mkurugenzi na inaomba mambo yasiyohitaji Waziri. Dirisha moja la kupokea maombi. Siku za kujibu ziingie kwenye Mkataba wa Huduma kwa Mteja, tatu kwa mtaa, saba kwa kata, ishirini na moja kwa jiji. Fomu inayoanza na milango na vipimo vyake kabla ya kuuliza jina la msanii. Kikaratasi cha majirani chenye namba inayopokelewa. Kipengele cha mama lishe kwa maneno yake. Maelekezo kwa wenyeviti kuhusu turubai.

Barua ya pili, ya sheria ndogo, inakwenda kwa diwani wetu: bonanza na shughuli za ngazi ya mtaa zisilipe chochote, dhamana ya usafi kwa kubwa tu, na mwenye vyombo awajibike akivuka saa. Hiyo ya mwisho nimeiweka kwa mkono unaotetemeka.

Polisi na saa zao 48 nimewaacha walivyo. Nimeomba tu nakala ya ombi iende kwao kutoka dirishani, mwombaji asitumwe.

Kilichobaki bila jibu ni mkesha wa mwaka mpya na siku Taifa Stars ikishinda. Karani, kama Jiji ndilo lihesabiwe mwandaaji wa mkusanyiko usio na mwenyewe, hilo linakaa tabaka gani?

Karani Mstaafu

La pili, na litapigwa vita, kwa sababu anayeitwa mwandaaji ndiye anayelipia gari la wagonjwa. Usiliweke kwenye barua hizi mbili, litazizamisha zote. Liandikie barua ya tatu, ulipeleke kabla kamati hazijakaa kwenye bajeti. Nitakusaidia kuiandika, njoo Ngaramtoni Jumamosi, maziwa yapo.

Chalii wa Ngarenaro

Na misafara ya harusi inayozunguka mjini na matarumbeta juu ya pikapu iko ngazi gani? Dada yangu anaolewa Agosti, nauliza mapema.

Mama Njiro

Inategemea inapita Njiro saa ngapi.